Milioni Tano kwa Kichupa

Mama yake Piroska anauza pilipili ya unga
sokoni Szeged, nyuma ya kituo cha mabasi.
Anaipima kwa mizani ya shaba,
na kijiko cha mwisho hakihesabiwi: hicho ni nyongeza.
Siku moja alimuuliza bintiye,
Na nyinyi huko maabara mnauza nini hasa?
Ini.
La nguruwe?
La mtu, mama.
Mama akafuta mikono kwenye aproni.
Kilo bei gani?

Hatupimi kwa kilo. Tunahesabu:
seli milioni tano kwa kichupa,
kichupa kifupi kama kidole cha mtoto,
kinacholala ndani ya nitrojeni
kwenye baridi ambayo hata Februari ya hapa
ingeomba koti.

Asubuhi anakiamsha.
Dakika mbili kwenye maji ya joto la mwili,
si zaidi, kinachochelewa hufa,
kisha anazimimina seli katika sahani
yenye visima mia tatu themanini na vinne.
Mkono wa roboti unashuka, unapanda, unashuka,
kila kisima tone moja
la kitu ambacho bado si dawa,
kina namba tu,
hakijapata jina wala koo la kukimeza.

Seli zikiwa salama, picha ni giza.
Zikiumia, zinawaka kijani.
Piroska amezoea kuomba giza.

Saa nne, Bwana Caflisch yuko kwenye skrini, kutoka Basel,
nyuma yake dirisha, nyuma ya dirisha mto mwingine.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
ila wahenga hawakuwahi kujaza fomu ya zabuni.
Anasema: Wako wanaouza kwa theluthi pungufu.
Anasema: Visima sabini na sita vya ukingoni
hukauka kabla ya vingine. Kwa nini nilipie ukingo?
Piroska alifundishwa majibu ya mauzo, kurasa kumi na mbili.
Hakukumbuka hata moja.
Akasema: Mkate nao una ukingo, bwana,
na mwokaji hakukatii.

Akacheka, yule. Kidogo.
Kisha akataka vichupa vyote vya mtoaji 4417,
kwa sababu matokeo yake hayayumbi.
Vimebaki kumi na tisa.
Vikiisha?
Vikiisha, vimeisha.
Mwenyewe hana ini la pili.

4417: mwanaume, miaka hamsini na miwili,
aliacha sigara, alikunywa kwa kiasi,
chanzo cha kifo, ajali ya barabarani.
Fomu inaishia hapo.
Haisemi gari lilikuwa la nani,
au kama nyumbani sufuria ilibaki jikoni imefunikwa,
au kama aliwahi kupita sokoni Szeged
akaongezewa kijiko.

Wiki mbili baadaye sahani ya tisa
safu nzima ya F iliwaka,
kijani kutoka kisima cha kwanza hadi cha mwisho,
kijani cha majani machanga,
Piroska akajikuta anaiona nzuri
akaona haya.
Kule Basel mtu fulani alikuwa ameipika molekuli ile
kwa miezi ishirini na mmoja.
Caflisch aliandika mstari mmoja: Asante, tunaiacha.
Chini yake akaomba ankara.

Kwa hiyo mahali fulani pana mgonjwa
ambaye hatapewa kidonge kile,
hatageuka manjano machoni, hatajua,
na hatamshukuru mtu yeyote.
Bidhaa gani hii, mnunuzi wake halisi
hajui kwamba amenunua?

Jioni, mezani, supu ya samaki, nyekundu mpaka ukingoni.
Leo mmeuza?
Tumeuza.
Nini?
La.
Mama akashika kijiko hewani,
akidhani sentensi haijaisha,
akangoja aambiwe, la nani.